Kabati Hili Linamlinda Nani? Historia ya Makabati ya Hewa ya Maabara na Majina Yake, kutoka Entebbe hadi Nakivale

Ikisiri

Makala hii inafuatilia historia ya makabati ya hewa yanayotumika katika maabara za tiba za Afrika Mashariki, kwa kutazama kwa karibu mji wa Mbarara na makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini magharibi mwa Uganda. Inadai kwamba vifaa viwili vyenye asili tofauti, kimoja kilichobuniwa kulinda kazi iliyo mezani na kingine kilichobuniwa kumlinda mfanyakazi, vilifika katika eneo letu vikiwa chini ya jina moja. Jina hilo halisemi hewa inaelekea wapi. Kwa kuwa Kiswahili ndiyo lugha inayowakutanisha wahudumu waliosomea kwa Kiingereza na waliosomea kwa Kifaransa, makala inapendekeza istilahi zinazotaja upande unaolindwa, na inajadili maana ya tofauti hiyo kwa wale wanaoidhinisha ununuzi.

Utangulizi

Miaka michache iliyopita nilialikwa Mbarara kuwa mkalimani katika mafunzo ya siku tatu ya wahudumu wa maabara. Nusu ya washiriki walikuwa Waganda waliosomea kazi yao kwa Kiingereza. Nusu nyingine walikuwa Wakongo waliosomea Bukavu, Uvira na Goma kwa Kifaransa, ambao sasa wanaishi Nakivale. Wawili kati yao walitoka Misiera, kimojawapo cha vijiji vya makazi hayo. Lugha waliyoimudu wote, kila mmoja kwa lafudhi yake, ilikuwa Kiswahili.

Ndani ya chumba cha mafunzo palikuwa na kifaa kipya, msaada wa wafadhili: sanduku kubwa jeupe lenye kioo pembeni, taa, feni na kichujio nyuma yake. Mkufunzi alikiita “leminafloo”. Waganda walikiita “hudi”. Wakongo walikiita “ote”. Mimi, niliyekuwa nalipwa kutafuta neno moja, niliyakusanya majina yote matatu nikayaita “kabati la usalama”, na hakuna aliyenisahihisha. Asubuhi hiyo makopo mawili ya makohozi yalifunguliwa mbele ya kichujio kile, kwa utulivu wa watu walioamini kwamba wamekingwa.

Baada ya chai, mama mmoja wa Misiera, aliyekuwa amefanya kazi ya maabara kwa miaka mingi kabla ya kuvuka mpaka, alichana ukanda mwembamba wa karatasi ya tishu, akaushika kwa vidole viwili kwenye mdomo wa kifaa. Ukanda ulipepea kuelekea kifuani mwake. Akausogeza kushoto, kisha kulia. Kote ukamwelekea yeye. “Lakini hii inatupulizia siye,” alisema.

Alikuwa sahihi. Kile hakikuwa kabati la usalama. Ilikuwa meza ya hewa safi, kifaa kinachovuta hewa ya chumba, kinaichuja, kisha kinaisukuma juu ya kazi na usoni pa anayefanya kazi. Kwa kumimina vyakula vya kuoteshea vimelea kifaa hicho hufaa sana. Kwa kufungua makohozi ya mtu anayeshukiwa kuwa na kifua kikuu, ni afadhali meza iliyo chini ya mti. Swali lililonileta kwenye makala hii lilizaliwa pale: tafsiri yangu ilikosea kwa uzembe wangu tu, au kosa lilikuwa limeshaandaliwa na historia ya kifaa chenyewe? Nimefikia kuamini kwamba yote mawili ni kweli.

Kabla ya kabati

Uganda ina historia ndefu ya maabara kuliko inavyokumbukwa. Tume ya kuchunguza malale ilianza kazi Entebbe mwaka 1902, wakati ugonjwa huo ukiangamiza wakazi wa pwani na visiwa vya Ziwa Nyanza. Mmoja wa watafiti waliofuata katika kazi hiyo, Luteni Forbes Tulloch wa kikosi cha tiba cha jeshi la Uingereza, aliambukizwa malale akiwa kazini akafariki mwaka 1906. Katika enzi hiyo kinga ya mtafiti ilikuwa mikono yake mwenyewe: namna ya kushika kisu, namna ya kumshika mnyama, na mwali wa moto wa kuunguzia sindano.

Mwaka 1936 Wakfu wa Rockefeller ulianzisha Entebbe taasisi ya kutafiti homa ya manjano, ambayo leo ni Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda. Waliokwenda kuianzisha walijua wanakokwenda. Adrian Stokes alikuwa amekufa kwa homa ya manjano Lagos mwaka 1927 alipokuwa akiitafiti. Hideyo Noguchi na William Young walikufa kwa ugonjwa huohuo Accra mwaka 1928. Vifo hivyo havikuleta kabati. Kilichobadilisha hali ni chanjo ya 17D iliyokamilishwa na Max Theiler na wenzake mwaka 1937: mtafiti alikingwa kutoka ndani ya mwili wake, si kwa ukuta wa hewa. Taasisi ya Entebbe iliendelea kugundua virusi ambavyo havikuwa na chanjo, vikiwemo vya West Nile mwaka 1937 na vya Zika mwaka 1947, na taarifa ya kitabibu iliyochapishwa mwaka 1964 ilieleza jinsi mtafiti aliyekuwa akivishughulikia virusi vya Zika hapohapo Entebbe alivyougua yeye mwenyewe. Kwa bahati, Zika ilikuwa homa nyepesi.

Ninaitaja historia hii kwa sababu moja. Katika mapokeo ya maabara zetu za mwanzo, usalama ulikuwa tabia na chanjo. Haukuwa kifaa. Kifaa kilipokuja baadaye, kilikuja kutoka nje kikiwa kimekamilika, pamoja na jina lake, na hakukuwa na kizazi cha wahudumu wa hapa kilichoshuhudia kwa nini kilibuniwa.

Asili mbili

Kabati la kumlinda mfanyakazi limezaliwa na kifua kikuu. Kabati la kwanza la aina hiyo linalojulikana lilitengenezwa mwaka 1909 na kampuni ya dawa ya W. K. Mulford huko Pennsylvania, Marekani, ili wafanyakazi wanaotayarisha tuberkulini wasivute vimelea vya kifua kikuu. Lilikuwa sanduku lenye kupitisha hewa, na hewa hiyo ilitiririka kutoka upande wa mtu kwenda ndani, kisha nje.

Kichujio kilikuja baadaye, na kilitoka katika vita. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mradi wa Marekani wa kutengeneza bomu la atomiki ulihitaji kunasa vumbi la mionzi, na juhudi hizo ndizo zilizozaa kichujio kinachojulikana leo kwa kifupi cha HEPA, chenye kunasa angalau asilimia 99.97 ya chembe zenye ukubwa wa mikromita 0.3. Vitone vikavu vinavyobeba vimelea vya kifua kikuu hewani huwa na ukubwa wa mikromita 1 hadi 5, kwa hiyo kichujio kisichotoboka huvinasa bila shida.

Asili ya pili haina uhusiano wowote na ugonjwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Willis Whitfield, mwanafizikia wa Maabara za Sandia huko Albuquerque, alikuwa akitafuta njia ya kuondoa vumbi katika vyumba vya kuunganishia sehemu ndogo za silaha. Mafundi walisafisha na kusafisha, na bado chembe moja ilitosha kuharibu kazi. Whitfield aliacha kupambana na vumbi moja moja: aliisukuma hewa iliyochujwa kwa mfululizo wa tabaka nyoofu zisizovurugana, ikafagia chumba kizima upande mmoja bila kukoma. Huo ndio mtiririko uliobeba jina la “laminar flow”. Kilicholindwa ni kifaa kilicho mezani. Fundi alikuwa chanzo cha uchafu. Hakuna aliyefikiri kwamba kifaa kingemdhuru.

Hapo ndipo majina yalipogongana. Wataalamu wa vimelea waliupenda mtiririko wa Whitfield kwa sababu ulikomesha kuharibika kwa vioteshwa vyao, na katika miaka hiyohiyo ya 1960 mafundi walifunga ndoa kati ya asili hizo mbili: kabati ambalo hewa huingia kwa mbele ili kumlinda mtu, na wakati huohuo hewa iliyochujwa hushuka taratibu kutoka juu ili kuilinda kazi, kisha hewa yote hupita kwenye kichujio kabla ya kutoka. Hili ndilo tunaloliita leo kabati la daraja la pili. Lile la zamani, lenye kumlinda mtu bila kuilinda kazi, likaitwa daraja la kwanza. Na lile lililofungwa kabisa, linalotumiwa kwa glavu ndefu zilizoshikizwa ukutani mwake, daraja la tatu. Meza ya Whitfield haikupewa daraja lolote, kwa kuwa haimlindi mtu. Lakini meza hiyo na kabati la daraja la pili vyote vina mtiririko wa tabaka ndani yake. Mwuzaji anayeandika maneno hayo kwenye katalogi yake hasemi uongo katika hali yoyote kati ya hizo mbili, na mnunuzi anayesoma maneno hayo peke yake hajaambiwa chochote.

Kanuni rasmi zilifuata polepole. Mwaka 1976, mwaka ambao Marekani ilipata kipimo chake cha kwanza cha makabati ya daraja la pili, mtafiti Robert Pike alichapisha hesabu ya maambukizi 3,921 yaliyotokea maabarani. Chini ya moja ya tano ndiyo yaliyoweza kuhusishwa na ajali iliyojulikana. Mengine yote yalitokea katika siku za kazi za kawaida. Wengi waliamini kwamba maelezo yake ni hewa. Mwaka 1978, chini ya mwaka mmoja baada ya mgonjwa wa mwisho wa ndui iliyoenea kwa njia ya kawaida kupatikana Merca, Somalia, ndui iliibuka tena Birmingham, Uingereza, na kumwua Janet Parker, mpiga picha aliyefanya kazi ghorofa ya juu ya maabara ya ndui. Njia iliyopitiwa na virusi ilibishaniwa hadi mahakamani, lakini mwaka uliofuata Uingereza ilitoa kiwango chake cha makabati, na mwaka 1983 Shirika la Afya Duniani likatoa toleo la kwanza la mwongozo wa usalama wa maabara.

Mbarara na Nakivale

Kusini magharibi mwa Uganda hakukuhitaji makabati haya kwa muda mrefu, kwa sababu kifua kikuu kilipimwa kwa hadubini peke yake. Makohozi yalipakwa kwenye kioo, yakaunguzwa, yakatiwa rangi, yakatazamwa. Kazi hiyo hurusha vitone vichache, na ikifanywa dirishani penye hewa inayopita haina hatari kubwa kuliko kukaa chumba kimoja na mgonjwa.

Mambo mawili yalibadilisha hali. La kwanza ni kukua kwa utafiti Mbarara. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kilianzishwa mwaka 1989, na mwaka 1996 Epicentre, kitengo cha utafiti cha Madaktari Wasio na Mipaka, kilifungua kituo chake mjini humo. Maabara ya mji huo iliweza baadaye kuotesha vimelea vya kifua kikuu, kazi iliyokuwa ya miji mikuu. La pili ni kifua kikuu sugu. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza uoteshaji katika vyakula vya majimaji hata kwa nchi zenye kipato kidogo. Kuotesha ni tofauti na kupaka kwenye kioo: makohozi hukorogwa, huzungushwa kwa mashine, humiminwa, na baada ya wiki kadhaa chupa moja huwa na vimelea vingi kupita kiasi. Kazi hiyo haifanywi bila kabati la kumlinda mfanyakazi au sanduku la glavu. Mwaka 2013 maabara ya taifa ya kifua kikuu iliyoko Kampala ilipewa hadhi ya maabara rejea ya kimataifa, na hitaji la makabati likashuka kutoka mji mkuu kwenda mikoani.

Nakivale iko upande mwingine wa njia hiyohiyo. Makazi hayo, yaliyo katika Wilaya ya Isingiro ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Mbarara, yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia, yakatambuliwa rasmi mwaka 1960, na ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika. Tangu vita vya Kongo vya miaka ya 1990, na hasa tangu mapigano ya Kivu ya mwaka 2012, Wakongo wamekuwa wengi kuliko wengine wote, na Kiswahili chao kimekuwa lugha ya soko, ya kanisa na ya foleni ya zahanati. Ni makosa kuwafikiria watu hawa kama wapokeaji wa huduma tu. Miongoni mwao wamo wauguzi, wakunga na wahudumu wa maabara wenye uzoefu ambao mwajiri mwingi wa hapa hajui namna ya kusoma vyeti vyao.

Hudi, ote na leminafloo

Neno la Kiingereza “hood” maana yake ya msingi ni kofia ya kufunika kichwa. Katika maabara hutumika kwa kitu chochote chenye paa kinachopitisha hewa. Neno la Kifaransa “hotte” lilikuwa kapu la kubebea mgongoni, kisha likawa paa la juu ya meko linalopeleka moshi kwenye dohani, kisha likaingia maabarani. Kwa hiyo Mganda anaposema “hudi” na Mkongo anaposema “ote”, kila mmoja amebeba picha ya kifuniko. Hakuna kati ya picha hizo inayosema hewa inaelekea wapi, na katika lugha zote mbili neno hilohilo hutumika kwa vifaa vitatu: dohani ya kuondolea moshi wa kemikali, meza ya hewa safi, na kabati la kumkinga mtu na vimelea. Wafaransa wana istilahi mahsusi ya kabati la kinga, isemayo wazi kwamba ni kituo cha usalama dhidi ya vimelea, na imo katika miongozo yao. Ila wahudumu niliozungumza nao Misiera waliijua kwa kuisoma tu. Mdomoni ilikuwa “ote”.

Kiswahili kingeweza kuokoa hali, hakikufanya hivyo. Si kwamba hatuna mapokeo ya kuunda istilahi. Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilikuwa na makao yake Makerere kuanzia mwaka 1952 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960; ilikuwa inafungasha kuondoka Uganda takriban wakati uleule Whitfield alipokuwa akipepea chumba chake huko Albuquerque. Baada ya hapo BAKITA ilitoa orodha zake za Tafsiri Sanifu, na TUKI ikatoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Kazi hizo ni za msingi na ninazitumia kila wiki. Lakini ziliundwa kwa ajili ya darasa, na darasani kuna dhana. Hakuna vifaa vya chumba cha nyuma cha zahanati. Wanafunzi wetu wanajua neno la usanisinuru na hawana neno la kitu kinachowakinga kazini.

Wapo wenzangu watakaosema kwamba haya ni mambo ya uhandisi na kwamba mwanaisimu avute kiti chake akae pembeni. Ningekubali kama hati za ununuzi zingeandikwa na wahandisi. Katika miradi niliyoifahamu kama mfasiri, orodha ya mahitaji huandikwa na mhudumu kwa neno analolijua, hupitia kwa mhasibu ambaye hulinganisha bei, kisha hufika kwa mwuzaji. Neno moja ndilo linalosafiri safari yote hiyo. Na kwa kawaida meza ya hewa safi ni rahisi kuliko kabati la daraja la pili, kwa sababu haina mfumo wa kuchuja hewa inayotoka. Mhasibu mwaminifu anayeona majina mawili yanayofanana huchagua bei ya chini, na amefanya kazi yake.

Kinachoulizwa kabla ya kununua

Swali la kwanza si aina ya kabati. Ni kama kabati linahitajika. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2012 kuhusu usalama wa maabara za kifua kikuu unagawa kazi kwa kiwango cha hatari, na katika kiwango cha chini, ambamo mna upakaji wa makohozi kwenye kioo na kipimo cha GeneXpert kilichoidhinishwa mwaka 2010, hauhitaji kabati, ili mradi meza iwe mahali penye hewa inayopita kutoka kwa mhudumu kwenda nje. Kwa vituo vya afya vya Nakivale jambo hili lina uzito. Dirisha lililo mahali pake halihitaji umeme, halina kichujio cha kuziba kwa vumbi la kiangazi cha Isingiro, na halimdanganyi mtu. Mhudumu aliye dirishani anajua kwamba anajilinda mwenyewe, kwa hiyo hukaza kifuniko na hukaa upande hewa inakotoka. Mhudumu aliye mbele ya kifaa kikubwa cheupe chenye taa huacha kufikiri. Mimi naona fedha za kabati zisizo na fedha za kulitunza ni afadhali zitumike kupanua madirisha.

Pale kazi inapokuwa ya kuotesha, hakuna mjadala: ni kabati la kumlinda mtu au sanduku la glavu, na fedha za matunzo lazima zipatikane. Hapo ndipo maswali ya hadithi nyingine yanapoanza, na mengi hayamo kwenye katalogi. Ukuta wa hewa unaomlinda mtu mbele ya kabati la daraja la pili huingia kwa kasi ya takriban nusu mita kwa sekunde. Mtu anayepita nyuma kwa mwendo wa kawaida anakwenda kasi zaidi ya hiyo, na upepo wa mwili wake unatosha kuvuta hewa ya ndani kuja nje. Mlango unaofunguliwa hufanya hivyohivyo, na feni ya dari hufanya vibaya zaidi. Kwa hiyo kabati halinunuliwi kwa chumba kisichokuwa na pembe tulivu. Vilevile kibatari cha spiriti, ambacho wengi wetu tulifundishwa kukiwasha kama ishara ya usafi, hakina nafasi ndani ya kabati hili: joto lake huvunja tabaka za hewa, na huweza kuharibu kichujio. Ni tabia ya enzi ya Entebbe iliyoingia katika kifaa cha enzi nyingine.

Umeme ukikatika, feni husimama na kinga husimama nayo. Mhudumu anapaswa kujua hilo kabla hajaweka mkono ndani, na kabati linapaswa kuwa na umeme wa akiba wa dakika za kutosha kufunga chupa na kuondoka. Halafu kuna ukaguzi. Kabati hukaguliwa linapofungwa, kila linapohamishwa, na angalau mara moja kwa mwaka, kwa vifaa maalumu vinavyopima kasi ya hewa na kutafuta matundu kwenye kichujio. Fundi mwenye vifaa hivyo hapatikani kila wilaya. Wafadhili hulipia kabati. Ukaguzi wa mwaka wa tatu hauna mwenyewe. Nimeona makabati yenye vibandiko vya ukaguzi vilivyopauka hadi tarehe haisomeki, na bado kazi inaendelea mbele yake.

Ukanda wa karatasi ya tishu haukagui kabati. Hauonyeshi kasi wala tundu. Unaonyesha kitu kimoja tu, upande, na hicho ndicho kitu ambacho jina letu lilikificha.

Majina yenye upande

Ninapendekeza kwamba istilahi za vifaa hivi zijengwe juu ya kinacholindwa, wala si juu ya aina ya mtiririko. Kifaa kinachopulizia kazi kiitwe meza ya hewa safi. Kiitwe meza kwa makusudi, kwa kuwa neno kabati katika Kiswahili hubeba maana ya kitu kinachofungwa na kuhifadhi, na meza hii haifungi wala haihifadhi. Kifaa kinachomlinda mtu kiitwe kabati kinga, kikifuatiwa na daraja lake: la kwanza, la pili, la tatu. Kile cha moshi wa kemikali kiitwe dohani ya kemikali, neno la kale la pwani ambalo halihitaji kamati ya kulieleza. Maneno “leminafloo”, “hudi” na “ote” yabaki katika mazungumzo, kwa sababu yatabaki tupende tusipende, lakini yasiruhusiwe kusimama peke yake katika hati yoyote ya ununuzi.

Hili si jambo la Uganda peke yake. Kati ya mwaka 2019 na 2020 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikabidhi maabara tisa za kuhamahama kwa nchi sita wanachama, zenye masanduku ya glavu kwa ajili ya vimelea vya hatari kubwa. Wahudumu wake wanatoka katika nchi zinazofundisha kwa Kiingereza na nchi zinazofundisha kwa Kifaransa, na Kongo imejiunga na Jumuiya mwaka 2022. Mwaka huohuo baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Kamisheni ya Kiswahili iliyoko Zanzibar ina mamlaka ya kuanzisha orodha ya pamoja ya vifaa vya maabara, na ningependa ianze na vile ambavyo kuvikosea jina kunaweza kumwambukiza mtu.

Kuhusu kifaa kile cha Mbarara: hakikurudishwa kwa mfadhili. Kilihamishiwa chumba cha kumiminia vyakula vya kuoteshea, ambako kinafanya kazi vizuri. Siku ya mwisho ya mafunzo washiriki waliniomba niandike kibandiko, na nikaandika: “Meza ya hewa safi. Hewa inakuja kwako. Usifungue makohozi hapa.” Mama wa Misiera alikisoma, akaniomba kalamu, akaongeza chini yake mchoro wa mshale unaoelekea kwa msomaji, kwa ajili ya wale, alisema, ambao hawatasimama kusoma.